Mikono Isiyojuana

Mama yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Hapa Chovae, mji wote leo unanukia hina. Jana, wanawake walipompamba bibi harusi, niliomba yangu ikorogwe katika vibakuli viwili: ya mkono wa kulia kwa ndimu, ya kushoto kwa maji matupu. Shangazi akacheka, "Wee Mwanasha! Utakwenda harusini na mikono isiyojuana?"

Asubuhi hii wa kulia umeiva kama komamanga, wa kushoto ni chai ya maziwa. Kumbe mwalimu wetu wa kemia alisema kweli: ukali wa ndimu huivuta rangi iliyolala ndani ya jani.

Mwombe Baba asiamue kama nitaendelea na kemia kabla hajaiona mikono yangu. Wenzangu wanaogelea, mimi nimekaa mchangani, naitunza.

Mungu awape afya nyote.

Mwanao, Mwanasha