Shati la Otmar

Ushirombo,
Wilaya ya Kahama.
16 Januari 1983

Mdogo wangu mpendwa Coletha,

Kwanza kabisa natangaza rasmi, mbele yako na mbele ya nyumba yako yote, kwamba miwani yangu imevunjika mkono wa kushoto na sasa inashikiliwa na uzi wa kushonea magunia. Nimetangaza mapema ili mistari ikipanda mlima usiwaambie watu wa Korogwe kwamba kaka yako amerudia pombe.

Shikamoo yako nimeshaipokea: marahaba. Hamjambo huko? Kifua cha mwanao Euphrasia kimepoa? Huku mimi mzima. Wifi yako, Mama Otmar, anakula, ila hadi umsimamie.

Telegramu ilikwambia kwamba shimo limemwangukia mwanangu Otmar kule machimboni Geita. Haikukwambia kwamba hatukumzika. Wenzake walichimbua siku nne, maji yakazidi kupanda, wakashindwa. Walituletea koleo lake. Lenyewe alikuwa ameliazima, ikabidi nilirudishe.

Unakijua kijiji chetu: marehemu akiwa hajazikwa, hakuna anayegusa jembe. Na mvua iliyotukimbia Novemba nzima ikaja siku ya tatu ya msiba. Watu wakakaa uani kwetu wakilowa, wakitufariji, kila mmoja akitazama shamba lake kwa jicho la pembeni. Walileta kuni, maji, unga. Hakuna aliyetaja mbegu. Wema wa namna ile, Coletha, unachosha kuliko ugomvi, maana huna pa kuujibia.

Mimi ningewaruhusu. Wifi yako akakataa: asiyeonekana hajafa, na kuvunja msiba ni kumwacha kule peke yake. Hata mimi, mbwa akibweka, nilikuwa nageuka kutazama njia.

Basi tarehe thelathini na moja Desemba akaja Fikirini, yule Mzaramo muuza mafuta ya taa, mtani wetu. Mtani hafungwi na mwiko wetu. Akachukua jembe langu, akachimba kaburi ubavuni mwa nyumba, akalala ndani, matope hadi masikioni.

"Kama hamna wa kuzika, nizikeni mimi. Ila fanyeni haraka, nimeacha duka wazi!"

Watu wakacheka, wakaogopa kucheka. Mama Otmar akasimama. "Toka humo, mwendawazimu wee! Hilo kaburi la watu!"

"La nani?"

"La mwanangu," akasema.

Akaingia ndani, akatoka na shati jeupe la Otmar la Jumapili, amelikunja vizuri. Tukazika shati. Katekista Herman akasali sala zote, hakuruka hata moja. Ndipo wifi yako akalia, kwa mara ya kwanza tangu habari ifike. Fikirini naye alilia, akasema ni matope.

Mwaka mpya, tulipotoka misa, watu hawakwenda makwao. Walichukua majembe wakaja shambani kwetu, hata bibi Limi anayeumwa mgongo. Wakapanda mahindi yetu yote siku ile, na wao kwao hawajatia hata punje. Nikaanza kuwaambia waende kwao kwanza, na maneno mazuri nilikuwa nayo. Bibi Limi akanikata: "Baba Otmar, shika mstari wako, acha hotuba."

Nikashika mstari.

Siku ya sita yakachomoza. Wifi yako huenda kuyatazama kila asubuhi, na juzi alirudi akaomba uji mwenyewe. Nilimkorogea, ukaniungulia, akaunywa hivyohivyo.

Msalimie sana shemeji, mbusu Euphrasia. Mungu awalaze na kuwaamsha salama mwaka huu, na kila mnayemsubiri mumwone kwa macho.

Ndimi kaka yako, ninayekupenda bila kupunguza,

Silvesta Maduhu

Nyongeza: Mvua ilikatika tarehe tatu, wenzetu ndio kwanza wanaanza kupanda kwao, na haijarudi. Kijiji kizima, shamba lililoota ni letu peke yake.