Siku Niliposema Jikoni Hakuna Kitu

Mke mwenzangu Neema,

Marahaba, mjukuu wangu. Goti la babu yako limepona. Jana kapanda baiskeli hadi mjini kunywa kahawa.

Unasema umechoka kufundisha lishe, maana vijana wako wa vibarua wanakwambia chakula bora ni cha wenye hela. Nami nilisema hivyohivyo nilipoolewa Urambo. Mwalimu wa lishe alituonyesha picha za mayai na machungwa. Tukapiga makofi, tukarudi kula ugali kwa chumvi.

Siku moja akaja kwangu. "Leo unapika nini?"

"Hakuna kitu, dada."

Akainua macho darini. Kulikuwa na furushi la nsansa, majani ya kunde niliyoyakausha mwenyewe, na debe la karanga. Nilivificha wageni wasione, kwani tuliviita chakula cha njaa. Akavua viatu, akaanza kutwanga karanga. Tulikula tukalamba vidole, na kabla hajaondoka tulishapanga mboga za wiki nzima.

Basi usifunge virago. Nimekutumia nsansa na karanga kwa basi. Wakisema hakuna kitu, usibishane nao. Bandika sufuria.

Bibi yako,
Itetemia