Anavuja

Jumatatu, 12 Aprili 1993

Kutwa nzima chini ya lori la shemeji Athumani. Filta ya dizeli inavuja tena. Oringi, ile pete ya mpira niliyonunua Ikwiriri, ni mpya kabisa, imekatika mkononi. Siku hizi maduka yamejaa vipuri, na vipuri vimejaa uongo. Nimekata nyingine kwa mpira wa tyubu. Haitakaa, dizeli huuvimbisha. Nimemwonya asizime injini ovyo. Hewa ikiingia, haliwaki. Yeye lori hulisema kama mtu. "Bibie leo kaamka vibaya, shemeji." Kesho anavuka mto kwenda Mohoro kwa mama yake. Mke wangu Somoe yuko huko, kaenda kujifungulia kwao. Mimba ya kwanza. Bado mwezi na zaidi.

Alhamisi, 15 Aprili

Mvua. Nauwaza ule mpira.

Ijumaa, 16 Aprili

Kondakta wa basi kaleta salamu za shemeji: "Anavuja. Njoo upesi." Nilijua tu. Nina gari la watu nimelifungua, siwezi kwenda. Nimevua oringi ya zamani, ya kweli, kwenye lori bovu hapa uani. Nimeifunga kwenye gazeti, nimeituma na basi la kwenda kusini. Nimekula wali, nimeshiba.

Jumamosi, 17 Aprili, asubuhi

Nimeamka na jasho. Shemeji hufunga oringi mwenyewe. Ingekuwa lori angesema tuma. Kasema njoo.

Si Bibie anayevuja. Ni Somoe. Chupa imepasuka kabla ya siku zake, na mimi nimempelekea mpira. Naogopa. Kuna lori la mkaa linaelekea mtoni, kwenye pantoni. Nadandia.

Jumamosi, Mchukwi

Nilikuta pantoni inakuja, Bibie juu yake. Sheria ya pale kila gari lizime injini. Kufika ukingoni, halikuwaka. Somoe nyuma, kwenye godoro chini ya turubai, midomo imemkauka. Mama mkwe hakuitikia shikamoo yangu. Shemeji akatoa gazeti mfukoni. Oringi ilimfikia jana usiku, pantoni imeshalala. Alfajiri mama alikataa lori lifunguliwe hata kidogo, mgonjwa kwanza. Nimeifunga. Nikapiga pampu ya mkono kutoa hewa. Povu. Povu tena. Niliona nawazika wawili. Mwisho ikaja dizeli tupu, likawaka. Sasa wamemwingiza ndani hospitalini. Mlango umefungwa. Sina dua niliyobakiza.

Jumatatu, 19 Aprili

Mtoto wa kike. Mdogo sana, lakini ananyonya. Shemeji anataka aitwe Bibie. Mama mkwe kasema athubutu. Leo kaitikia shikamoo yangu.

Somoe kaniangalia. "Navuja mimi, mwenzangu unatuma mpira." Akacheka kidogo, akashika tumbo.

Nimetoka nje lilipo lori, nimepitisha kidole chini ya filta. Kikavu. Nimelia pale pale, nimeegemea tairi.