Chumba Kimoja na Kocha Teten

Jumatano, 22 Machi 2023

Kesho naenda mjini Kearney. Kliniki ya makocha, yaani semina, mpaka Jumamosi. Nimehudhuria kila mwaka tangu nianze kufundisha mpira wetu wa Kimarekani, ule wa kubeba mikononi, nikikaa nyuma na kahawa yangu, nikichora mbinu za watu wengine. Mwaka huu nazungumza mimi! Rollie Vondra wa Brule Fork, shule isiyo na wavulana wa kujaza gari la kubebea nafaka. Sijui nani alitaja jina langu. Nilimshukuru Mungu, halafu nikaiona saa niliyopewa: Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi. Ijumaa makocha hunywa bia mpaka wanasahau majina ya timu zao. Nitazungumza na viti.

Habari mbaya. Ili kubana matumizi, mkurugenzi wa shule ametupa gari moja na chumba kimoja, mimi na Merle Teten, kocha wa shule jirani ya Wenzel. Teten! Nimepambana naye kila msimu kwa miaka kumi na tisa. Hatujawahi kunywa hata soda pamoja.

Na sasa hili la kuunganishwa. Agosti, Brule Fork na Wenzel zinakuwa shule moja. Timu moja, kocha mkuu mmoja. Tumeomba wote wawili. Bodi inatuhoji Jumatatu jioni na kuamua hapo hapo. Atakayekosa ataombwa awe msaidizi wa mwenzake.

Nimemwambia Marlys: kuliko kumbebea Teten chupa za maji, bora niuze mbegu za mahindi kama makocha wote walioishiwa. Mke wangu aliendelea kukunja soksi zangu. Mafahali wawili hawakai zizi moja – sisi wafugaji hatuhitaji kuambiwa.

Alhamisi, 23 Machi

Safari nzima Teten alisikiliza bei za ng'ombe redioni. Nilipojaribu kubadilisha, akasema: Kocha, bado hawajafika kwenye ndama.

Hoteli imejaa. Nusu ni sisi, wenye jaketi za shule na vitambi. Nusu ya pili ni wazee waliokuja kutazama ndege aina ya korongo mtoni – darubini shingoni, viatu vya matope, sauti za chini kama wako kanisani. Kwenye lifti kizee mmoja aliniuliza kama nami nimekuja kwa ajili ya ndege. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya mpira. Akanihurumia waziwazi.

Mazungumzo ya kwanza: kocha wa chuo kikubwa, na picha za video za kupendeza. Akasema siri ya mafanikio ni kuwapa wasaidizi wako ishirini na wawili kazi zinazoeleweka. Teten akaninong'oneza:
– Ishirini na wawili! Mimi ninaye Gary. Na kondoo wakianza kuzaa, hata Gary sina.
Nilicheka kabla ya kujizuia. Nikajikasirikia.

Anakoroma. Nilijua tu.

Ijumaa, 24 Machi

Kifungua kinywa. Meza zote ni viwanja vya mpira. Makocha hawawezi kuona kopo la chumvi wakaliacha likae: chumvi inakimbia kulia, pilipili inaikaba, chupa ya sosi inaangushwa chini. Wahudumu wamezoea.

Nilikaa peke yangu. Teten akaja na sahani yake akakaa bila kuuliza. Akachukua vipakiti vya sukari, vyeupe. Akasema: hawa ni wako. Akachukua vile vya pinki vya watu wenye kisukari. Hawa ni wangu. Akaanza kupanga. Sita tu, maana kwetu vijijini tunacheza sita kwa sita. Kumi na mmoja ni anasa ya wenye watu.

Sikutaka kushiriki. Lakini alimweka mchezaji wangu Kolby pembeni kushoto! Kolby ana mkono wa kulia na woga wa kushoto. Nikamsogeza. Teten akasema: ahaa, basi ndiyo maana kila mara hukimbilia kulia. Akamweka mchezaji wake Jace mahali pa Kolby. Nikaona timu. Mungu wangu, niliona timu! Vitatu vyeupe, vitatu vya pinki, na hapakuwa na tundu. Vijana wake wanajua kukaba. Wangu wanajua kukimbia. Miaka yote hii mimi nimekosa ukuta, yeye amekosa miguu.

Tulikaa pale mpaka mhudumu akaja kufuta meza. Teten akaviweka vipakiti mfukoni. Mimi nikakumbuka kwamba mmoja wetu hataongoza timu ile.

Jioni, samaki, kwa sababu ya Kwaresima. Wakatoliki meza moja, Walutheri meza ya pili na minofu yao ya ng'ombe, wakitupungia uma. Teten ni Mlutheri. Akaja akala samaki na sisi. Akasema ni kwa ajili ya kolesteroli.

Nina tatizo. Nimeahidi kufundisha mchezo wangu wa hila, Mlango wa Nyuma. Kwa mchezo huo nimempiga Teten misimu miwili mfululizo, na hajui unafanyikaje. Kwenye kliniki hakuna kuficha: ukiulizwa unajibu, ukiombwa unachora. Ndivyo nilivyojifunza kazi hii mwenyewe, kwa ukarimu wa watu waliokuwa hawanijui. Lakini nimwonyeshe Teten, siku mbili kabla ya bodi? Akawaambie Jumatatu kwamba naye anaujua?

Nilimpigia Marlys. Akasema: Rollie, mkiwa timu moja huo ufundi utamficha nani? Watoto wako mwenyewe?

Huyu mwanamke. Kila siku namshukuru Mungu kwa ajili yake, na kila siku ananikera kwa kuwa sahihi.

Jumamosi, 25 Machi

Lazima niandike yote kabla sijasahau hata moja.

Ukumbi wa viti mia mbili. Makocha wachache wenye macho mekundu, mmoja amelala na mdomo wazi. Na wale watazamaji wa korongo! Ukungu umefunika mto, wakarudi mapema, na birika kubwa la kahawa lilikuwa ukumbini kwangu. Wakakaa. Wazee watupu, na darubini zao, wakinitazama mimi badala ya ndege.

Nilianza na maelezo. Kwa mpira wetu wa sita, nikasema, kila mchezaji anaruhusiwa kudaka, hata yule wa katikati, anayeinama na kuupitisha mpira nyuma katikati ya miguu yake. Ndiye mnene, ndiye mzito, ndiye asiyetazamwa. Mlango wa Nyuma ni wake. Mpira unakwenda kulia, kila mtu anaukimbilia, kisha unarushwa kushoto, kwake.
– Na anayemkaba yuko wapi? akauliza kocha mmoja bila kufungua macho vizuri.
Swali lenyewe! Nikasema: naomba watu sita waje mbele, niwaonyeshe.

Hakuna aliyeinuka. Niliuona ukumbi ule kama uwanja baada ya kushindwa. Nikaanza kukusanya karatasi zangu.

Kiti kikatoa mlio huko nyuma. Teten. Anakuja na lile goti lake la tangu ujana, anachechemea, anajikuna tumbo. Akafika, akageuka, akawaambia:
– Huyu bwana amenitia aibu misimu miwili mbele ya mama yangu mzazi. Sasa nataka kujua alinifanyaje. Simameni, wavivu nyie!

Akainuka yule kizee wa kwenye lifti. Bi Opal, kutoka Minnesota, koti mpaka magotini. Akauliza kama avue darubini. Mumewe akaja. Makocha wawili wakaona haya, wakaja. Na aliyekuwa amelala akaamshwa kwa kiwiko. Sita! Nikawainua makocha wengine, nikawaweka mbele yao wawe wakabaji.

Teten akachukua nafasi ya katikati bila kuambiwa. Akainama. Nikasogea sikioni kwake.
– Ukishaupitisha, anguka.
– Nini?
– Anguka. Kama umesukumwa. Gaagaa. Anayekukaba akishakusahau, inuka.

Akageuza kichwa, akanitazama. Kisha akapiga kelele ukumbi mzima ukasikia:
– Aliteleza! Miaka miwili nasema yule mtoto aliteleza! Nilimhurumia! Nilimwambia mke wangu, maskini yule mtoto wa Vondra, kila akicheza na sisi anaanguka!

Watu walicheka mpaka waliolala vyumbani wakaja kuona kuna nini. Ukumbi ukaanza kujaa.

Tukacheza. Teten akapitisha mpira, akaanguka juu ya zulia la hoteli kama gunia la viazi. Bi Opal akapokea pembeni, akakimbia – akakimbia kweli! – kuelekea kwenye birika la kahawa, mpira umekumbatiwa juu ya darubini, na makocha wazima wakimfukuza. Nikapaza sauti: rusha! Akageuka, akarusha. Vibaya, juu, umepinda. Na huku Teten anahangaika kuinuka, mkono mmoja kwenye kiti. Akainuka. Akaudaka kwa ncha za vidole. Hakuna mtu hata mmoja karibu naye. Akapita katikati ya viti, akatoka mlangoni na mpira, akapotelea mapokezi. Tulimsikia akishangiliwa huko na wanaolipia vyumba.

Ilibidi turudie. Kila mtu alitaka zamu. Muda wangu ukaisha, wakakataa nishuke.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo naishia hapo. Lakini baada ya kushuka Sundermeier, anayeandaa kliniki, alinipa mkono. Akasema: Teten hakukosea. Nikauliza Teten kafanya nini. Akashangaa. Kumbe Teten ndiye aliyenipendekeza! Alipeleka jina langu Desemba. Januari ikatangazwa kwamba shule zitaunganishwa, na Sundermeier akampigia: Merle, mnagombea kazi moja sasa, nimtoe huyu nikuweke wewe? Teten akajibu kwamba yeye hana cha kufundisha saa moja na nusu asubuhi.

Nilikwenda chumbani. Amelala kitandani, suruali imekunjwa, goti limevimba kama tikiti. Nilitaka kusema ahsante. Nilikuwa nayo mdomoni. Badala yake nilichukua ndoo nikamletea barafu. Akasema: kocha, hii barafu ni ya kupoza bia, siyo mtu. Nikamfungia taulo.

Njia nzima kurudi tuliongea juu ya vijana. Nani ana baba mkali, nani anacheza vizuri akishakula, nani anatakiwa kuachwa alie kwanza. Redio haikuwashwa. Jumatatu haikutajwa.

Jumapili, 26 Machi

Kanisani. Nilimtaja Teten katika sala zangu, jina kamili, ili pasiwe na utata.

Marlys amepika chili, mchuzi mzito wa nyama na maharage, na mikate ya mdalasini. Akauliza: bado unauza mbegu? Nikamwambia naitaka ile kazi. Sitaki kuitwa msaidizi mbele ya watu walionijua nikiwa mkuu. Akasema: hilo nalijua, nimekuuliza la mbegu.

Amefunga mikate miwili ya kesho. Miwili! Nikamwambia nakula mmoja. Akasema anajua.

Jumatatu, 27 Machi

Naandika ndani ya gari, mbele ya shule ya Wenzel. Taa za maktaba zinawaka. Bado wanajadiliana.

Alianza Teten. Alikaa ndani muda mrefu, akatoka uso hauna habari. Tulipopishana mlangoni akanigonga begani, kama tunavyowafanya watoto wanapoingia uwanjani.

Bodi wamekaa nyuma ya meza za wanafunzi, magoti juu. Waliuliza ya kawaida: nidhamu, masomo, rangi za jezi. Mwisho Bi Hlavac, mwenyekiti, akaniuliza: Kocha Vondra, tukimchagua Merle, utakuwa msaidizi wake? Jibu la hapana nilikuwa nalo tayari tangu Januari. Nimelikariri bafuni. Nikafungua mdomo, nikaona akilini vile vipakiti vya Kearney, vyeupe na vya pinki, na hakuna tundu. Nikasema ndiyo. Tena nikaongeza: mkinichagua mimi, nitamtaka yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, na mjue ndiye aliyenifikisha Kearney.

Bi Hlavac akavua miwani, akajisugua macho. Akasema: nyinyi watu! Mmoja wenu alitakiwa aseme hapana. Ingetupunguzia kazi.

Nilipotoka, Teten alikuwa amesimama kando ya gari langu. Hita ya gari lake imekufa, akasema, na baridi hii si ya goti. Nikamfungulia. Nikampa mkate wake wa mdalasini. Alikula nusu, kisha akatoa vipakiti mfukoni akavipanga juu ya dashibodi.

Nikamwambia: Merle, ahsante. Ya Sundermeier, na ya zulia. Akasema: usinishukuru, bado sijakusamehe kwa yule mtoto wa kuteleza. Kisha akageukia dirishani, akajifuta pua.

Marlys alipiga simu. Wameamua? Bado. Mbona nasikia mtu, uko na nani hapo?
Nikasema: na kocha mwenzangu.
Teten alikisogeza kipakiti cha Jace pembeni kidogo, akajifanya hajasikia.

Sasa ameingia ndani kutafuta choo, ndiyo nimepata nafasi ya kuandika. Na mimi bado naitaka kazi ile, sidanganyi. Ila msaidizi si tusi tena.

Mlango wa shule umefunguka. Ni yeye. Anakuja – anakimbia! Ameinua mikono yote miwili, anapiga kelele, sisikii kwa sababu ya kioo. Mtu wa goti lile hakimbii bure. Sijui anashangilia lake au langu. Ngoja nimfungulie kabla hajaanguka kweli