Mtaa wa Nyumba Moja

Majengo, Thika
Jumatatu, 12 Agosti 1996

Mdogo wangu mpendwa Irshad,

Assalaam aleikum. Nakuletea salamu nzito kuliko mifuko ya simiti, na natumai zitakukuta mzima, kifua kimepona, na baridi ya Birmingham imekupa likizo kidogo. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini ulimi ni mzima kabisa. Juzi alimgombeza muuza maziwa mpaka akasahau chombo chake mlangoni. Mimi ni mzima wa mwili. Wa moyo, soma mpaka mwisho ndipo ujue.

Barua yako ya mwezi jana niliipata. Nimeisoma mara tatu. Umeniandikia kwamba Wakenya wa huko mmeunda chama cha kuwekeza nyumbani, mko kumi na wanane, na mwenyekiti wenu ni Bwana Nicanor, yule dereva wa basi. Ukasema siku ya mkutano kila mtu alileta picha ya nyumba anayojengewa na jamaa zake, na yako ikasifiwa na wote. Kisha dada mmoja anayeitwa Mitchell akatoa ya kwake, Nicanor naye akatoa ya kwake, na mwingine tena, na zote nne ni za Gitothua, Ruiru, zote zina vigae vyekundu na nguzo mbili za mviringo barazani. Mkatazamana kwa furaha. Mkakata shauri kwamba Ruiru kuna mtaa mpya uliopangwa vizuri, nyumba zote za ramani moja, na kwa kuwa mimi Tausi ndiye mwenye mkono safi, basi akiba ya chama nikabidhiwe mimi ninunue ploti zilizobaki. Ukamalizia kwa kusema kwamba mpangaji aliyesimama kwenye picha ya Mitchell anafanana nami kama pacha. Irshad, tangu utotoni una macho mazuri, ila una tabia ya kuyaacha yafanye kazi peke yake.

Alhamisi hundi ya chama ikafika kwa posta ya rejista, kwa jina langu kamili. Sijawahi kuona sufuri zimepangwa foleni namna ile. Nimeificha ndani ya mkebe wa majani ya chai, na tangu siku hiyo tunakunywa maji ya moto kwa sababu sithubutu kuufungua. Hizo ni pesa za jasho la watu kumi na wanane, na wamezituma kwa kuniamini mimi, na wameniamini mimi kwa sababu yako. Ndiyo maana nakuomba ukae, nikueleze tangu mwanzo, na usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiruka darasani.

Ploti ipo. Hilo lishike kwa mikono miwili. Hati ina jina lako na Mama anailalia chini ya godoro. Msingi ulichimbwa, mawe yakaja, na fundi Bedan akaanza kupandisha kuta kwa bidii ambayo sikuitarajia kwa mtu anayekunywa chai mara nne kabla ya saa sita. Halafu akasimama. Akaniambia hakuna maji, na bila maji simiti ni vumbi tu. Gitothua mabomba yapo, maji ndiyo hayapo. Kila asubuhi ilikuwa ni kuwabembeleza vijana wa mikokoteni, nao wanapandisha bei wakiona una haraka, na mimi haraka yangu iliandikwa usoni kwa sababu ulikuwa ukiandika kila wiki kuuliza sinki la bafuni litakuwa buluu ama waridi.

Basi nikanunua punda. Mzee mmoja wa Ngoliba alikuwa akiuza wake pamoja na mkokoteni, kiangazi kilikuwa kimemaliza nyasi zote kwao. Sikukuandikia. Niliona ni kifaa cha kazi tu, kama beleshi.

Wakati huohuo alikuja pale kwenye mjengo Absalom, mtu wa Bungoma anayekaa Kiandutu hapa Thika, kutafuta kibarua. Alikuwa mfumaji kiwandani miaka kumi na minne, mpaka mitumba ilipojaa sokoni na wao wakaambiwa waende nyumbani. Kubeba mawe hawezi, kifua kimejaa pamba. Lakini yule punda, ambaye alikuwa amempiga Bedan teke siku ya kwanza na mimi siku ya pili, Absalom alimnong'oneza maneno kwa Kibukusu na akaondoka naye kama mtu na shemeji yake. Alirudi na mitungi kumi imejaa. Akaniambia, "Dada, huyu punda ako na akili kushinda foreman wangu wa zamani." Nikampa kazi papo hapo.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Nusu ya Gitothua inajengwa kwa hela za watu walio ng'ambo, na kuta zote zile zina kiu. Bedan alikuwa hajamaliza pipa la kwanza, jirani akaja kuomba mzigo mmoja wa maji. Kesho yake wakaja watatu. Mwenye hoteli ya chai karibu na stesheni akataka kila siku. Kufika mwisho wa mwezi punda alikuwa analeta zaidi ya kodi ya vyumba viwili, na hakuna siku aliyoniambia kwamba mshahara umechelewa.

Mwezi wa pili ukatuma zile pesa za paa. Kuta zilikuwa zimefika lenta, juu ya madirisha. Wiki hiyohiyo mtu mmoja akawa anauza punda watatu kwa mpigo, na mikokoteni yao. Nilisali, nikalala, nikaamka, nikawanunua. Simsingizii Mungu, rai ilikuwa yangu. Nilijiambia wataleta pesa ya paa kabla hujauliza habari ya paa. Na kweli walileta, ila nilipoziona nikanunua wengine wawili, na baadaye wengine tena. Leo tuna tisa. Tungekuwa na kumi, ila mmoja aliibwa mwezi wa nne. Mwingine alikula shamba la mahindi la mama mmoja mkali, nikalipa mpaka machozi. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke, na mateke nimeyapata sawasawa, lakini wahenga hawakupata kuuza maji Ruiru.

Baada ya ule wizi ilibidi walale mahali penye kuta. Kuta nilizokuwa nazo ni zako.

Nimelisema. Nyumba yako, Irshad, ni zizi la punda. Juu kuna turubai na matete, milango ni mbao za kukodi. Sebuleni wanalala watano, chumba chako cha kulala wawili, na cha wageni wawili ambao hawapatani na wenzao. Bafu la sinki la buluu ndimo tunamoweka nyasi. Yule punda wa kwanza hakubali kutoka sebuleni mpaka abembelezwe, kwa hiyo vijana wetu wanaoendesha mikokoteni wamempa jina la Mwenye Nyumba. Mama nilimpeleka akaone. Unajua tulivyofundishwa, kwamba punda akilia ujikinge kwa Mwenyezi Mungu na shetani. Basi walilia wote tisa kwa zamu, na Mama kila mara "audhubillahi", "audhubillahi", mpaka sauti ikamkauka. Njiani kurudi akasema tangu Ramadhani hajapata kumtaja Mungu kiasi kile, na huenda mradi una baraka zake.

Sasa zile picha. Uliandika unataka kuliona paa. Ukaandika tena. Ng'ambo ya barabara kuna nyumba iliyokamilika, ya mtu aliye Amerika ambaye hajawahi kukanyaga ndani yake, inalindwa na mzee Musau, Mkamba mmoja mpole. Nilimwendea Jumapili moja nikiwa na mpiga picha, nimeandaa uongo mzuri sana. Sikuhitaji kuutumia. Nilikuta foleni. Watu wamevaa nguo za kanisani, kila mmoja na jamaa yake aliye London au Boston anayesubiri picha. Musau ana kofia ya mjengo na futi ya kupimia za kukodisha. Mzee mmoja alikuja na mbuzi, eti ni wa karamu ya kuhamia, akapigwa picha naye mlangoni na wakaondoka wote wawili wazima. Nilipotaka kukaa barazani Musau akanikoholea kwa adabu, akasema, "Mama, veranda ni bei ingine."

Nililipa ya veranda. Ndiyo picha uliyoipata.

Siku hiyo aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alikuwa bwana mmoja aliyetaka picha yenye mpangaji, kwa sababu mpwa wake aliye ng'ambo alitaka kujua kama kodi imeanza kuingia. Akanitazama nilivyovaa vizuri akaniomba nisimame dirishani nionekane nimeridhika na nyumba. Nikaridhika. Mpwa wake ni huyo Mitchell. Kwa hiyo hukukosea, mdogo wangu, mpangaji anafanana nami kwa sababu ni mimi. Na mtaa mnaotaka kuununua ni nyumba moja, na mwenyewe hata hayumo katika chama chenu.

Nilicheka sana siku ile, siwezi kukuficha. Tulicheka wote kwenye foleni, kila mtu akieleza alichoandika. Nilikoma kucheka uliponiandikia kwamba picha ile umeibandika juu ya kitanda, na kwamba mnalala wanne chumba kimoja ili usipunguze kinachokuja kwangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Wengine pale foleni hela walizila, najua, mimi sikula hata senti. Lakini wewe hukuniuliza kama nimekula, uliuliza paa liko wapi, nami nikakuonyesha la mtu. Mficha uchi hazai. Nisamehe, Irshad. Naogopa utakachosema kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote.

Punda ni wako wote tisa. Wanalisha nyumba sita za waendesha mikokoteni wa Kiandutu pamoja na ya Mama, na zile za unga unazotuma kila mwezi sijazigusa tangu Machi, ziko benki ya posta. Ukisema wauzwe, nitawauza na paa litapanda, lakini itabidi wewe ndiye umwambie Absalom maana mimi siwezi.

Hundi ndiyo isiyongoja jibu lako. Jana nilitoa hundi kwenye mkebe, nikaipangusa majani, nikamwandikia Bwana Nicanor barua fupi. Nimemwambia nairudisha hundi, kwamba ploti za mtaa huo hazipo kwa sababu mtaa haupo, kwamba picha niliyokutumia ni ya nyumba ya mtu, na kwamba kila mwanachama amtume mtu asiye ndugu yake akamwonee nyumba yake kwa macho. La jamaa wa Nicanor aliyemtumia picha ya nyumba hiyohiyo sikuligusa, atajionea. Nimemwambia pia kwamba wewe hukujua lolote. Nimeandika hilo mara mbili na kulipigia mstari.

Lakini watu hawasomi mistari, Irshad. Wakilisikia kwanza kwa Nicanor watasema ndugu wawili walipanga njama, ikashindikana. Wakilisikia kwanza kwako, umesimama mbele yao umeshika barua hii, watacheka, watatukana, na baadaye watakukumbuka kwamba ulisema mwenyewe. Najua wewe ungependa kunyamaza na kuomba ipotee njiani. Nimekulea, nakujua. Kwa hiyo hii yako naitia posta leo Jumatatu, na ya Nicanor nitaitia Alhamisi. Nimekuibia siku tatu za kumtangulia, na sitaweza kukuibia ya nne.

Hapa naweka kalamu chini, mkono unauma na Mama amesimama mlangoni akiuliza kama nimeshafika pale pa kuomba msamaha. Wasalimie wenzako wa chumbani. Majirani wa Majengo wanakusalimu, Absalom anakusalimu ingawa hamjaonana, na Bedan anasema bado anakumbuka paa.

Mama anakupa salamu zake na radhi zake zote. Amesema nikuandikie maneno yake kama yalivyo: ukishawaambia ukweli, na wakiacha kukusalimia wote kumi na saba, urudi nyumbani. Mkokoteni wa tisa hauna mtu.

Ni mimi dada yako, mpangaji,
Tausi