Figo Aliyonipa Elina

Kisondela,
Tukuyu, Rungwe.
14 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Felista,

Shikamoo, Shangazi. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea mwanao Erasto imesaidia, au umeiweka kabatini kama kawaida yako? Natumaini joto la Musoma linakuachia usingizi. Huku tumejifunika mablanketi. Ukungu hauondoki mpaka saa nne, na ndizi zinachelewa kukomaa kwa baridi. Miparachichi, hata hivyo, imezaa mpaka Ambindwile ameegemeza matawi kwa miti yasivunjike.

Mimi ni mzima. Muda mrefu nimekuandikia neno hilo kwa adabu tu. Leo ni kweli, na ndiyo sababu ya barua hii. Kwenye simu ningelia, nawe ungedhani mtandao umekatika.

Nilikwambia naumwa presha. Nilikuficha, Shangazi, unisamehe. Figo zangu zote mbili zilikuwa zimekufa. Nilianza kuvimba miguu nikiwa darasani, halafu uso, halafu nikashindwa hata kupanda kile kilima cha kwenda shuleni. Mwaka mzima nilikuwa nakwenda Mbeya mara tatu kwa wiki kusafishwa damu. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana nilipandikizwa figo Dodoma. Aliyenipa ni Elina. Ndiyo, Elina huyuhuyu mdogo wangu.

Najua umeshtuka. Wewe unajua tulivyokuwa. Tangu alipobatizwa mtoni na kanisa lake jipya, miaka minane sasa, hatukula pamoja. Nilimfuata siku ile ile nikamwambia amebatizwa mara ya pili kama mtu aliyepoteza cheti. Akanijibu, "Sijabatizwa mara ya pili, dada. Hii ndiyo ya kwanza." Nikamuuliza, je, Baba alipombeba akiwa mchanga mpaka mbele ya madhabahu, alimpeleka kunawishwa uso? Baba aliyekuwa mwinjilisti miaka thelathini! Na Elina alipozaa, mtoto akamweka wakfu tu, bila maji, nami sikwenda. Nilimtumia khanga kwa mtu mwingine.

Nilipougua, mume wangu Ambindwile alipimwa kwanza, vipimo vikakataa. Madaktari wakasema tutafute ndugu wa tumbo moja. Nilimkataza mume wangu asimwambie Elina. Akasema sawa, akavaa koti, akaenda kwa Elina, Lufingo. Bodaboda ilikwama kwenye tope, njia iliyobaki akatembea. Kesho yake asubuhi Elina alikuwa jikoni kwangu, anamenya ndizi kama vile hajawahi kuondoka.

"Nitapimwa wiki hii," akasema.

Nikamwambia sitaki. Shangazi, nilikuwa mgonjwa wa kubebwa lakini kiburi changu hakikuumwa hata kidogo. Nilimwambia siwezi kubeba mwilini mwangu kiungo cha mtu anayesema mimi sijabatizwa.

Akaweka kisu chini. "Sekela, sikuja kukubatiza. Nimekuja kukupa figo."

Nikamuuliza kama watu wake watanisimamisha kwenye mkutano nitoe ushuhuda. Hapo ndipo alipolia. Alilia bila sauti, mikono yake imejaa utomvu wa ndizi, hana hata cha kujifutia. Nikainuka nikamfuta kwa khanga yangu.

Kumbe naye alikuwa na vita vyake. Baadhi ya kina mama wa kanisani kwake walimwambia kukimbilia upasuaji ni kupungukiwa imani, angefunga siku saba kwanza Mungu aniponye. Mchungaji wake hakumkataza, ila alitaka asubiri. Elina akafunga zile siku saba. Siku ya nane akarudi kwa mchungaji akamwambia, "Nimeomba Mungu amponye dada, na kila nikiomba naona tumbo langu lina figo mbili." Mchungaji yule, nampa haki yake, alimwekea mikono akamwombea safari.

Hata upande wetu hapakuwa shwari. Mzee Anyosisye alisimama kwenye baraza la wazee wa kanisa, nami nikiwemo, akauliza: siku ya ufufuo, Elina atafufuka na pengo? Na ile figo itakuwa ya nani? Wengine wakaitikia kwa kichwa, maana neno la mwili kuwa hekalu tumelihubiri wenyewe. Mchungaji wetu Jenifer akamuuliza, "Mzee, kaka yako aliyekatwa mguu, unadhani atamfuata Bwana akichechemea?" Mzee mwenyewe akacheka. Lakini kisha mchungaji akasema jambo lililonichoma: kwamba shida ya usharika wetu haipo kwenye kutoa, tunajua sana kutoa. Hatujui kupokea. Hakunitazama, lakini nilijua ni mimi. Miaka ishirini nafundisha shule ya Jumapili kwamba neema ni zawadi, na zawadi yenyewe ilipoingia jikoni kwangu nikaiuliza inataka nini.

Jioni hiyo nilimpigia Elina. Nikamwambia, "Ndaga fijo, asante sana, mdogo wangu. Naipokea."

Vipimo vya Elina vilikubali, na Dodoma madaktari walimwita peke yake mara tatu, wakimuuliza kama amelazimishwa na mtu. Kila mara alirudi akiwa amekasirika. Asubuhi ya upasuaji tuliomba pamoja, yeye kwa sauti mpaka wodi nzima ikageuka, mimi nikasali Baba Yetu polepole. Nilipozinduka, cha kwanza nilichouliza ni yeye. Muuguzi akasema yuko salama, na kwamba figo ilianza kufanya kazi nikiwa bado mezani. Sikujua mtu anaweza kumshukuru Mungu kwa mkojo. Nilimshukuru, Shangazi, kwa sauti kama mlokole.

Siku ya tano waliniruhusu nimwone. Tukakaa pembeni ya kitanda chake tumejishika mishono. Nikamwambia, pale mezani nilikuwa nimelala, sijui lolote, siwezi hata kuitikia, na bado nimepewa uhai. Nikamkumbusha Baba alivyotubeba tukiwa wachanga mpaka madhabahuni. Elina akafikiri. "Ni kweli," akasema. "Lakini mimi nilikuwa macho nilipotia sahihi." Tukacheka mpaka muuguzi akatugombeza, mishono isije ikafumuka. Hakuna aliyemshinda mwenzake. Yeye bado anaamini anavyoamini, nami vilevile.

Sasa nifike kwenye jambo zito. Ulinijibu mwaka ule kwamba Elina asikanyage kwako mpaka aende kaburini kwa Baba akatubu, kwa sababu nilikuandikia kuwa amemtukana. Shangazi, hakumtukana. Siku ile ya mto alisema pia hivi: "Baba alinipa alichokuwa nacho, kwa upendo wote, na ndiyo maana namjua Mungu leo." Nililisikia neno hilo, nikaliacha nilipokuandikia. Nilitaka uwe upande wangu. Uongo wangu umekunyima mtoto wa kaka yako kwa miaka minane, na yeye umemnyima shangazi pekee aliyebaki. Nimeshatubu kwa Elina. Yeye alisema, "Nilijua ni wewe." Basi. Nakuomba nawe unisamehe, na ukipata nguvu, umpigie simu. Usimwulize habari za ubatizo. Muulize tu kidonda kimepona vipi. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Nimerudi shuleni, nafundisha nusu siku. Dawa nitameza maisha yote, na nimekatazwa kubeba ndoo. Ambindwile anachota maji na majirani wameshazoea kumcheka. Elina naye amerudi shambani, ila kwa sasa amehamia kwetu na mwanawe mpaka mvua za baridi ziishe.

Jumapili tunatoka nyumbani pamoja, tumeshikana mikono kwa ajili ya utelezi. Tukifika njia panda yeye anapanda juu, mimi nashuka. Jumapili iliyopita alishanipa mgongo, kisha akageuka akanirekebishia kola ya gauni. "Niombee huko kwenu," akasema. Nikamwambia na yeye aniombee huko kwao. Nilisimama nikamtazama anavyopanda, taratibu, mkono ubavuni.

Wasalimie Erasto na mkewe, na wajukuu wote niliowaona kwenye picha tu. Ambindwile anakusalimu sana. Mchungaji Jenifer anasema anakukumbuka ulivyokuwa ukiimba sauti ya pili. Kyala, Mungu wetu, akulinde, Shangazi, akupe siku nyingi zenye goti jepesi.

Mimi mwanao nikupendaye kwa moyo wote,

Sekela