Kinu Kinalia, Mimi Nafukiza Ubani

Jumamosi, mwezi 4 Mfungo Tisa, 1326

Haya, umerudi! Wewe Mwanamkuu binti Sleyum, huna haya? Tangu Idi hujaligusa daftari hili. Mende wamekula pembe mbili. Chuoni hukupelekwa, marehemu mumeo Awadh akakufundisha herufi kwa mkaa, sakafuni, usiku ukishampa uji wa pilipili manga — leo unaziacha ziote ukungu! Anayesoma humu ni wewe peke yako, na wewe mwenyewe mtoro. Kaa kitako. Andika.

Mambo ni haya. Arafa anaolewa Ijumaa hii! Mjukuu wangu, binti wa mwanangu Matano. Bwana harusi mtu wa Ndagoni, mpole, meno yote yamo. Nimeyatazama.

Kila bibi harusi wa nyumba hii hupakwa mafuta ya nazi ya kinu chetu wenyewe, na wageni hupikiwa kwa mafuta hayo hayo. Mama yangu alipakwa, mimi nilipakwa. Arafa hatakuwa wa kwanza kupakwa mafuta ya kuomba kwa watu. Nataka mitungi sita. Ninao mmoja.

Leo kapita Fundi Shaibu wa Bwejuu, yule anayeunda mashua. Kaja kunywa kahawa. Akasikia kinu kinazunguka, akaweka kikombe chini. Akaenda, akatia mkono pale mchi unaposuguana na mdomo wa kinu. Akasema mchi una ufa, nisimamishe leo leo, uchongwe mwingine. Tena pale shingoni papakwe shahamu ya ng'ombe kila Ijumaa, na kinu kipumzike. Akaniuliza, mara ya mwisho nilipaka lini?

Nikamwambia kinu hiki chaogelea mafuta, nikipake mafuta tena?

"Bi Mwanamkuu, mafuta yako yako tumboni. Shingo imekauka."

Nikamwambia akaunde mashua zake, vinu aniachie mimi. Akacheka, akamaliza kahawa yangu, akaenda. Masikio makubwa vile, bure!

Jumapili, mwezi 5

Kinu kimeanza kulia. Kiiii! Kuku wamehama uani. Matano ndiye anayemswaga Sultani, maksai wetu, kuzunguka kinu. Akasema, mama, tusimame. Nikamwambia tukisimama leo, Ijumaa wageni tuwakaangie samaki kwa maji?

Mtungi wa pili umejaa. Kulia si kufa.

Jumatatu, mwezi 6

Sasa nimejua. Kijicho! Nyumba ina harusi, watu wana macho. Kinu kimetazamwa.

Nimechukua chetezo, nimetia ubani na udi, nimekizunguka kinu mara saba, mimi nyuma, Sultani mbele. Sultani kapiga chafya. Matano akauliza, na shahamu? Nikamwambia shahamu haiondoi kijicho.

Baada ya adhuhuri — moshi! Unatoka pale pale shingoni. Nilifurahi mimi! Nikamwita jirani yangu Biubwa: njoo uone, ubani umeingia, husuda inatoka. Biubwa akanusa.

"Shoga, huu si ubani. Huu ni mti unaungua."

Nikamwambia pua yake imezeeka. Akaniambia tumezaliwa mwaka mmoja.

Jumanne, mwezi 7

Umekatika.

Kaa! Kama bunduki. Mchi vipande viwili. Boriti anayoivuta Sultani ikaruka, mawe ya uzito yaliyo juu yake yakaangukia mitungi, yote miwili ikapasuka. Mafuta yakanywewa na mchanga. Sultani kakimbia na boriti nyuma yake, kakata katikati ya shamba la muhogo la Biubwa, Matano nyuma kashika kikoi kwa mikono miwili. Hakuna aliyeumia. Matano alikuwa kainama anakaza kamba, boriti ikapita juu ya kichwa chake. Alhamdulillahi. Alhamdulillahi tena. Mwanangu mmoja tu yule! Nilitaka kumkumbatia, nikamkaripia kwa nini anakimbia peku.

Nikakaa juu ya mchanga wenye mafuta, nikalia. Arafa yumo ndani, hatoki, kapakwa liwa, sandali ya kusagwa ya bibi harusi, uso mzima. Akachungulia mlangoni. Kucheka — mpaka liwa ikapasuka ikaanguka vipande! "Bibi, kijicho kimetoka kweli, kimeondoka na Sultani!" Nami nikacheka, machozi hayo hayo. Kisha akasema, Bibi, nitaolewa hata kwa mafuta ya kuomba. Nikamwambia afunge mlango.

Ubani haukuwa na kosa. Kosa ni langu. Naliandika hapa maana kwa mdomo bado halijatoka.

Nikamwambia Biubwa, haya, sema. Akasema, nisemeje, muhogo umeshachimbwa, tupike.

Jumatano, mwezi 8

Alfajiri nimemtuma Matano Bwejuu akamwite Fundi. Nilitaka kusema mwambie aniwie radhi. Ikatoka: mwambie kahawa ipo.

Biubwa kaita wanawake. Wamekuja kumi na wanane, kila mmoja na mbuzi yake ya kukunia! Uani hapana pa kutia mguu. Wengine wanakuna nazi, wengine wanakamua tui, wengine wako motoni wanakoroga mpaka mafuta yajitenge. Biubwa katunga wimbo juu yangu na chetezo changu. Wimbo mbaya, una matusi, nimeucheza mpaka goti limekataa. Mtoto wa nani huyu Arafa, hata mji mzima umkunie nazi! Nawapenda wale wanawake. Nimewaambia wakune upesi, waache domo.

Mitungi miwili mpaka magharibi. Mikono imechubuka, nazi za karibu zimekwisha. Bado minne.

Alhamisi, mwezi 9

Fundi Shaibu kafika. Begani mchi mpya, wa mkwaju, umekwisha kuchongwa! Nikamwuliza kauchonga lini, jana tu kaitwa.

"Nimeuanza Jumamosi ile, nilipotoka kwako."

Nikammiminia kahawa kwa mkono wangu. Mimi! Kisha nikasema: Shaibu, niwie radhi, nilikuwa punda. Akasema punda angesikia. Biubwa kaanguka kwa kicheko, mpaka leso ikamvuka kichwani.

Akanipa kifuu kimejaa shahamu. Hakutaka kupaka yeye. "Mkono wako, Bi Mwanamkuu." Nikapaka, mpaka kiwiko. Sultani akafungwa, akavuta. Duru moja. Mbili. Kimya! Mbata, nazi zetu kavu, zinasagika, mafuta yanashuka, mti haunung'uniki hata kidogo. Matano akapiga kigelegele kama mwanamke.

Fundi kaacha agizo. Mti ni mpya: kapu moja la mbata, kisha kinu kipumzike, kishikwe shingo kama ina moto, kipakwe, ndipo kapu la pili. Kisiharakishwe. Kwa mwendo huo, anasema, mpaka kesho asubuhi mitungi mitatu, Mungu akipenda. Na miwili ile, mitano. Sita haitimii. Kaenda msikitini kuswali alasiri.

Kapu la kwanza limekwisha sasa hivi. Matano kasimama na la pili mikononi, ananitazama. Sultani hajafunguliwa. Watu wa Ndagoni watafika kesho kabla ya jua kuwa kali, na mama wa bwana harusi ana ulimi. Arafa anaita kutoka ndani, Bibi, mbona kinu kimesimama? Biubwa kaacha kuimba. Wote wananitazama mimi.

Nimewaambia wangoje, kapu liwekwe chini, kinu kipumzike; naandika neno moja, kisha nikapake.

Neno lenyewe hili, Mwanamkuu. Ukija tena kufungua daftari hili, nusa mikono yako kwanza. Ikiwa hainuki shahamu, lifunge, usisome hata mstari. Nenda kinuni.